Saa Isiyo na Uso

Jumatatu, 9 Machi

Kazi imeanza na mvua imeanza, zote asubuhi moja.

Meza ya kulia imehamia chumbani kwetu, kati ya kitanda na dirisha, na sisi tumebaki kula sahani zikiwa mapajani. Juu ya meza kuna kompyuta ya kampuni na hedfoni za kampuni. Nyuma ya meza niko mimi, ambaye si wa kampuni. Mkataba unasema ni "mtoa huduma huru" kwa miezi mitatu. Huru! Kazi yenyewe ni kupokea simu za watu waliouziwa friji na mashine za kufulia zikawaharibikia. Ndiyo niliyoifanya miaka mingi ofisini, mpaka ofisi ikafungwa. Sasa ofisi ni mimi.

Programu waliyoniwekea inafungua kamera saa mbili asubuhi na kuifunga saa kumi na moja jioni. Inanipiga picha inapotaka. Inapima nimekaa kimya muda gani, macho yangu yanaangalia wapi, na kama kuna sauti ya mtu mwingine chumbani. Nikikosea inaweka alama nyekundu, na alama zikizidi ni onyo. Nikiondoka kwenye kiti, muda unakatwa. Binti aliyenifundisha wiki iliyopita alinieleza kwa upole kabisa, kama mtu anayesoma maelezo kwenye chupa ya dawa: "Saa isiyo na uso hailipwi, kaka."

Niseme na mazuri, nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu. Leo sikugombania basi. Shati langu halikulowa. Mchana nimekula chakula cha moto. Na binti yetu aliporudi shule alinikuta. Tunamwita Kasuku, kwa sababu ambazo mtaa mzima unazijua. Alisimama mlangoni na begi mgongoni, akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Baba, umefukuzwa kazi?"

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Simu. Mgongo.

Alhamisi, 12 Machi

Alama nyekundu ya kwanza: MACHO NJE YA KIOO.

Bibi mmoja alipiga kusema friji yake inatoka jasho kama mtu mwenye homa. Mimi nikifikiri huangalia chini, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwelekeza aitazame mipira ya mlango, tukakuta tatizo ni hapo, akaniombea dua ndefu, mimi, watoto wangu na wajukuu nisiokuwa nao. Programu haikusikia dua. Iliona kope.

Ijumaa, 13 Machi

Kikao cha kwanza cha kundi. Sura kumi na nane kwenye kioo, kila moja kwenye kidirisha chake, kama watu waliopiga picha za kitambulisho wakiwa na njaa. Kiongozi wetu ni mwanamke wa makamo yangu hivi. Nyuma yake kuna pazia la buluu ambalo halitikisiki hata kidogo. Anazungumza kwa asilimia. Nimempa jina Bi Takwimu. Sisi hatuna majina. Mimi ni Wakala Kumi na Mbili.

"Wakala Kumi na Mbili, wateja wamekupa alama za juu kuliko wenzako wote. Hongera. Ila ukimya wako ni mrefu mno."

"Huwa nawasikiliza, dada."

"Ndiyo. Hicho ndicho tunachokiita ukimya."

Sikuona aliyecheka. Labda kucheka nako kunapimwa.

Jumapili, 15 Machi

Baba yangu amehamia kwetu. Wamemtoa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na atakaa hapa mpaka lipone. Mke wangu ni muuguzi, akatoa maelekezo kama yuko wodini: matone mara nne kwa siku, mikono ioshwe kwanza, mgonjwa asiiname, asijikune. Asubuhi na jioni atamtilia yeye kabla na baada ya zamu yake. Saa sita na saa kumi ni za kwangu, "kwa kuwa wewe si upo nyumbani."

Baba alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha sabuni hadi alipostaafu. Wafanyakazi walimwita Buti. Sisi mtaani tukaitwa watoto wa Buti, na haikuwa sifa. Nyumbani alikuwa akisimama nyuma ya viti vyetu tukifanya hesabu za shule, akipumua. Tangu nilipoanza kujitegemea sijakaa naye nyumba moja, na sikuwa nimeona ubaya wowote katika mpango huo.

Jumatatu, 16 Machi

Aliingia chumbani kabla sijaanza, jicho limefunikwa bandeji, akainamia kamera mpaka pua ikakaribia kuigusa. (Ameambiwa asiiname.)

"Hiki kidude kinakutazama?"

"Ndiyo, baba."

"Kutwa?"

"Kutwa."

"Vizuri sana. Wewe tangu mdogo ulihitaji mtu wa kukutazama."

Jumatano, 18 Machi

Nimebuni njia ya matone. Baba anakaa kwenye kigoda pembeni ya meza, nje ya picha, anainua uso juu. Mimi naangalia kioo kama mtu mwema, mkono wangu wa kushoto unalitafuta jicho lake kwa kupapasa. Tone la kwanza lilimwingia sikioni.

"Jicho liko mbele zaidi," alisema. "Hata zamani lilikuwa hapo."

Tone la pili nililipata kwa kugeuza shingo. MACHO NJE YA KIOO. Alipoinuka, upara wake ukapita chini ya picha kama mwezi. MTU WA PILI AMEGUNDULIWA.

Tone moja, alama mbili.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua ya leo haikuwa mvua, ulikuwa ugomvi. Chumba chetu hakina dari. Bati liko juu ya utosi wangu. Mteja mmoja aliniuliza kama nimeingia ndani ya mashine ya kufulia ili niitengeneze vizuri. KELELE ZA MAZINGIRA, KELELE ZA MAZINGIRA. Nani niende kumshtaki, mawingu?

Baada ya kazi niliegemeza godoro la akiba dirishani, nikafunga kamba kutoka kabatini hadi kwenye msumari na kutundika blanketi zote juu ya meza. Mke wangu alirudi viatu vikitoa maji. Akasimama.

"Tulikuwa na chumba," alisema. "Sasa tuna hema."

Nilipaswa kucheka. Sikucheka. Akauliza, "Baba umemtilia dawa ya saa kumi?"

Nilikuwa nimesahau. Akamtilia yeye, hata koti hajavua.

Alhamisi, 26 Machi

Baba naye amejipa kazi ya kunisimamia. Anakaa ukumbini, mlango umeachwa wazi kidogo, na jicho lake moja zima linafanya kazi ya mawili. Jioni ananipa ripoti. Nimepiga miayo sana asubuhi. Nimejikuna mguu. Kwa nini nasema "samahani" kwa mtu aliyevunja friji mwenyewe?

"Kiwandani tungekuwa na kidude kama hicho," alisema, "sabuni ingetoka mara mbili."

Nilitamani kumjibu. Lakini hata saa za kazi zikiisha sasa nasita kufungua mdomo, najikuta natafuta taa ya kamera kwanza.

Ijumaa, 27 Machi

Kikao. Asilimia.

Jumanne, 31 Machi

Leo nimemfukuza baba yangu chumbani.

Ilikuwa saa sita. Mvua ikipiga bati, mteja akipiga kelele, mfanyabiashara ambaye mashine yake ya kufulia imefurika dukani. Nilikuwa nimekwishapata alama mbili. Namwambia mteja atafute bomba la nyuma, baba akaingia kwa ajili ya dawa yake, akasikia, akasogea karibu na kusema kwa ile sauti ya kiwandani:

"Mwambie azime kwanza! Azime! Maji na umeme havichezewi!"

"Huyo nani?" mteja akauliza. "Kumbe nazungumza na watu wangapi?"

MTU WA PILI AMEGUNDULIWA.

Nikageuka nikapayuka, "Baba, toka! Toka humu ndani!"

Kwanza nilisikia mvua tu. Kisha mteja akasema polepole, "Huyo ni baba yako?" Akakata simu.

Baba alikuwa bado ameshika kichupa chake. Akakiangalia, akakitia mfukoni, akatoka. Mlango aliufunga taratibu, akahakikisha umejifunga.

Na alikuwa sahihi. Mashine ilitakiwa izimwe kwanza.

Jumatano, 1 Aprili

Nimeomba radhi. Baba amesema hakuna neno, kazi ni kazi. Amesema dawa za mchana atajitilia mwenyewe, amekwishaelewa namna. Kiti chake amekihamishia barazani.

Onyo la kwanza limefika kwa maandishi.

Ijumaa, 3 Aprili

Hakuna alama nyekundu hata moja. Baba anajitilia. Nafuu kubwa.

Jumatano, 8 Aprili

Hakuna alama. Bi Takwimu amenisifu mbele ya wenzangu. Nilisikia raha, kisha nikaona aibu kwa ile raha.

Jumamosi, 11 Aprili

Mke wangu ameondoka kwenda mafunzoni, wiki nzima, mji mwingine. Akiwa na mkoba mlangoni ameniambia, "Jicho la baba ulitazame. Usiulize, utazame."

Jumatatu, 13 Aprili

Nimemuuliza kupitia mlangoni, kati ya simu mbili. "Baba, jicho vipi?"

"Lipo mahali pake."

Jumatano, 15 Aprili

Naandikia hapa kwenye benchi la hospitali, nyuma ya karatasi za Kasuku za kuchorea. Kasuku mwenyewe amelala, kichwa chake kiko pajani mwangu, mguu wangu umekufa ganzi.

Alirudi shule kama kawaida. Amefundishwa kutoingia chumbani nikiwa kazini, kwa hiyo alipiga magoti mlangoni, nje ya picha, akaninong'oneza: "Baba, jicho la babu linatoa uji."

Nilikuwa na mteja. Nilimaliza na mteja. Hilo naliandika kama lilivyo: nilimaliza, nikamtakia siku njema, ndipo nikavua hedfoni.

Baba alikuwa barazani, ameelekea ukutani, leso mkononi. Nilipomgeuza uso nilishtuka. Kope zimevimba kama mdomo wa mtu aliyepigwa, zimeshikamana, na katikati usaha wa njano. Shavu lote lilikuwa na michirizi mikavu ya dawa.

"Rudi kazini," alisema. "Utakatwa."

Nikarudi, ndiyo, nikarudi mezani, nikaandika: *Naomba ruhusa niondoke sasa hivi, baba yangu jicho limeharibika.* Jibu la Bi Takwimu likaja papo hapo: *Pole sana, Wakala Kumi na Mbili. Maombi ya dharura hupokelewa siku moja kabla.*

Nikasoma tena. Siku moja kabla. Dharura nayo iombe miadi.

Nimesimama hivyo nikiwa sijui nivunje kompyuta au nilie, simu yangu ikaita, namba nisiyoijua.

"Usitaje jina la mtu, kamera yako inasikia," sauti ikasema, ndogo, ya haraka. Ilikuwa ya Bi Takwimu, ila bila asilimia. "Ukiondoka bila ruhusa mkataba unakufa leo. Andika umeme umekatika. Kwa mvua hii nani atabisha?"

"Na wewe?"

"Mimi mwaka jana sikwenda kwa mama. Nenda wewe, kaka." Akakata.

Nikaandika umeme umekatika, taa ikiwaka juu ya kichwa changu. Nikafunga kompyuta. Dereva wa teksi alikataa kuingia mtaani kwetu kwa sababu ya matope, tukatembea hadi barabarani, Kasuku ameshika mwavuli, mimi nimemshika baba, na baba amemshika Kasuku bega akidai yeye ndiye anayetuongoza.

Daktari ni mwanamke kijana mwenye uchovu wa watu wengi.

"Mzee, nani amekuwa akikutilia dawa?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwenye shavu?"

Baba akaanza kujifuta shavu. Mkono wake unatetemeka. Sijui umeanza lini kutetemeka. Ninaishi naye nyumba moja na sijui.

"Mngekuja kesho," daktari akaniambia mimi, "tungekuwa na mazungumzo mengine." Wamesafisha, wamempiga sindano, watamlaza. Jicho huenda likabaki na ukungu kidogo, lakini litabaki.

Nilipoachwa naye kando ya kitanda nikamuuliza, "Baba, kwa nini hukusema?"

"Ungenitazama saa ngapi?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua basi linapita saa ngapi.

Baadaye, dawa zilipoanza kumtuliza, akaanza kuongea mwenyewe. "Hicho kidude chako. Nimekitazama muda mrefu pale kitini. Hakina miguu."

"Kina nini?"

"Hakina miguu, bwana. Hakiji, hakiondoki. Mimi nilikuwa nakuja na kuondoka."

"Ulikuwa unawavizia, baba. Mtaa mzima ulijua."

"Kuwavizia?" Akainua kichwa, nikamrudisha. "Mtu mwenye buti zile atamvizia nani? Nilipigilia vyuma kwenye visigino, kwa fedha yangu. Nikiwa mlango wa pili huko wananisikia. Aliyesinzia anaamka, anayekula anameza, anayemsema msimamizi anabadilisha mazungumzo. Nikifika nakuta watu wako kazini. Unafikiri nilikuwa sijui? Mtu hawezi kutazamwa kutwa. Anaoza."

"Sasa kwa nini ulinisifia kidude?"

"Nilikuwa sijakaa nacho."

Kisha, asije akaonekana amelainika: "Wengine niliwafukuza, na walistahili."

Utoto wangu wote nilidhani zile buti ni za kupigia watu mateke.

Ijumaa, 17 Aprili

Baba amerudi nyumbani. Mke wangu amekatisha mafunzo. Hajanigombeza, na hilo ndilo linaloniogopesha. Matone sasa namtilia kwa mikono yote miwili, nikiwa nimeelekea kwake. Alama nyekundu ziache ziwake.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimeitwa kwenye kikao cha watu wawili. Mwingine ni mwanaume aliyejitambulisha kama Mkaguzi, nyuma yake ukuta mweupe, sauti yake haina haraka.

"Tarehe kumi na tano uliripoti umeme umekatika. Kompyuta yetu inaonyesha wakati huo betri ilikuwa inachaji."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mtu anayekimbilia hospitali hafikirii betri.

"Nilimpeleka baba yangu hospitali."

"Tunakupa pole. Hatuulizi ulikwenda wapi. Tunauliza nani alikushauri kutoa taarifa ya uongo."

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Nimejishauri mwenyewe."

Akaandika kitu. Mlango ukafunguliwa, baba akaingia, bandeji mpya, akasimama katikati ya picha kama mtu anayepigwa picha ya harusi.

"Mzee, tafadhali toka kwenye picha. Haya ni mazungumzo ya kikazi."

"Mimi niko nyumbani kwa mwanangu," baba akasema. "Wewe ndiye umeingia. Hata hodi hukupiga."

Ningependa kuandika kwamba yule bwana aliona haya. Hakuona. Alisubiri baba achoke kusimama, kisha akasoma uamuzi: mchana ule hautalipwa, nyongeza ya mwezi imefutwa, na hili ni onyo la mwisho. Akatutakia siku njema sote wawili.

"Mtu yule," baba akasema baadaye, "naye kuna anayemtazama. Umeona alivyokaa? Hajasogeza shingo."

Jumatatu, 27 Aprili

Bi Takwimu hayupo. Kundi linaongozwa na ujumbe wa maandishi.

Jumanne, 28 Aprili

Niliihifadhi namba yake. Baada ya kazi nikampigia, nikiwa nje, mbali na kompyuta, chini ya mwavuli.

"Wamenitoa," alisema. "Kamera ilinipiga picha nimeshika simu yangu, na mnong'ono ukasikika. Hawakuhitaji wewe uniseme."

"Sikukutaja, dada. Naapa."

"Najua. Niliona rekodi yako kabla hawajanifungia." Akapiga miayo mirefu. "Nimelala siku tatu. Baba anaendeleaje?"

"Jicho lipo."

"Basi." Nikasikia chombo kikiwekwa chini, na mtoto akiuliza kitu. Sikuwahi kujua ana mtoto. Kumbe nyuma ya pazia lile la buluu kulikuwa na nyumba nzima.

Alhamisi, 30 Aprili

Nilitegemea barua ya kufukuzwa. Badala yake wamenipa kiti chake.

Ujumbe unasema alama zangu kwa wateja ni za juu, nimeonyesha "uaminifu chini ya mahojiano", na kampuni inanialika kuongoza kundi kuanzia Jumatatu. Malipo bora. Mkataba wa mwaka mzima. Kazi yangu itakuwa kuwatazama wale wengine.

Niliusoma kwa sauti wakati wa chakula, sahani mapajani. Nilidhani wote watakasirika nami.

"Kodi imepanda," mke wangu akasema kwanza, akiangalia sahani yake. Kisha akaiweka chini. "Nikwambie kitu, baba Kasuku? Nilifurahi ulipopata kazi ya nyumbani. Nilisema sasa mtoto atakuwa na mzazi. Lakini upo nyumbani kama picha ilivyo ukutani. Tunakupita tu."

"Lakini jicho limepona kwa sababu nilikuwepo."

"Limeharibika ukiwepo vilevile."

Kasuku akauliza kama kiongozi ana kamera kubwa zaidi.

"Nitakikataa," nikasema. "Nitatafuta kazi nyingine."

"Kikatae, ndiyo," baba akasema. "Kiti hakitabaki kitupu hata siku moja. Jumatatu mchana kitakuwa na mtu, huenda yule wa ukuta mweupe amemwandaa mwenye shingo kama yake. Mimi sikushauri. Mimi ni mgonjwa."

Nikatoka nje nikampigia Bi Takwimu.

"Kichukue," alisema, hata sijamaliza. "Na mimi nilikichukua kwa mwenzangu, naye alikuwa na huruma. Utadumu muda gani sijui. Ila zile wiki chache watu hupumua."

Ijumaa, 1 Mei

Nimetia saini. Nimeweka sharti langu moja: saa sita na saa kumi naondoka kwenye kiti, kamera imefungwa. Wamejibu kwamba mkataba haubadilishwi maneno. Nimetia saini hivyohivyo, na saa sita nimeondoka kwenye kiti.

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimewaona kwa ndani. Kiongozi haoni picha za kikao, ambamo watu wamechana nywele. Anaona kila kitu, moja kwa moja, kutwa. Mwanaume mzima aliyejifungia kwenye stoo, magunia nyuma yake, kwa sababu ndipo penye kimya. Kijana anayepokea simu amevaa shati na tai, na anaposimama ana kaptura ya kulalia. Mama mmoja ambaye kila akimaliza mteja anaweka uso viganjani, kisha anautoa, anatabasamu, anapokea mwingine. Wiki nane nimekuwa nao kwenye kioo kimoja na nilidhani niko peke yangu.

Programu inanionyesha kosa na vitufe viwili: ONYA, PUUZA. Nikibonyeza PUUZA kinafunguka kisanduku: *Andika sababu.* Kumbe kila huruma ya Bi Takwimu ilikuwa imeandikwa mahali, ikihesabiwa.

Kosa la kwanza lilikuwa la yule wa stoo. MACHO NJE YA KIOO. Alikuwa anafikiri, nilimjua mara moja, namwona mtu anayefikiri. Nikabonyeza PUUZA. Sababu: *Yuko kazini.*

Kijana wa kaptura, KELELE ZA MAZINGIRA. Mvua ilikuwa ikinyesha kwake kama inavyonyesha kwangu. *Yuko kazini.*

Mama wa viganja. *Yuko kazini.* Nimeandika hivyo asubuhi nzima, nikatoka kumtilia baba dawa, nikarudi nikaandika hivyo mchana kutwa.

Jioni, kabla ya kufunga, kosa likaja kutoka kwa Wakala Saba: MTU WA PILI AMEGUNDULIWA. Nikafungua. Alikuwa anamweleza mteja namna ya kuyeyusha barafu, sauti imetulia kabisa, macho kwenye kioo, na chini ya picha kilionekana kichwa kidogo chenye nywele laini, na kiganja kidogo kikifumba na kufumbua juu ya blauzi yake. PUUZA. *Yuko kazini.*

Mara hii programu haikupita. Ujumbe wa Mkaguzi ukatokea pembeni: *Sababu zako za leo zote zinafanana. Tafadhali fafanua.*

Nikautazama muda. Ukimya wangu ukawa unahesabiwa, namba zikipanda kwenye kona ya kioo. Ukumbini baba alikuwa anabishana na Kasuku kuhusu hesabu za shule.

Nikafafanua: *Yuko kazini, na mtoto wake ananyonya.*

Nikabonyeza TUMA.